Shanga Mbili kwa Siku

Najua vile munasema. Tangu Pasaka munasema. Maman Agnès, presidenti wa shirika letu, miaka kumi na mbili anatuongozea rozari, sasa wakati wa komunio anabaki kwenye benchi, amefanya nini? Martine amesema naenda kwa walozi. Mwingine amesema niko na mwanaume. Mwanaume! Na haya magoti yangu! Basi leo mukae. Muweke vitabu vya nyimbo chini, mukae, nitawaambia mwenyewe, na hakuna mutu wa kucheka mpaka nimalize.

Naanza na Fabiola, kwa sababu yote ni juu yake. Fabiola, munamujua, yule mrefu wa sauti ndogo, ni mukwe wangu, bibi ya mutoto wangu Guylain. Guylain anachimba dhahabu Kamituga. Anarudi hapa Cimpunda mara tatu, mara ine kwa mwaka, akikaa siku kumi ni nyingi. Kwa hiyo mu nyumba tuko Fabiola, wajukuu wangu watatu, wote mabinti, na mimi. Mabinti wote watatu walitoka kwa kupasuliwa. Kwa yule wa tatu muganga wa hospitali alituita, mimi na Fabiola, akasema waziwazi: tumbo la huyu mama limechoka, ni kidonda juu ya kidonda, akishika mimba ingine linaweza kupasuka, na likipasuka mbali na hospitali, tutamuzika. Alisema hivyo, tutamuzika. Akataka kumuwekea kale kajiti ka mukono, kanakozuia mimba miaka na miaka.

Munajua ni nani alijibu? Fabiola alikuwa hajafungua hata kinywa. Ni mimi. Nikasema: "Muganga, sisi ni Wakristu." Nikabeba mutoto, nikatoka, na Fabiola akanifuata. Pale nje nilijisikia mutu mukubwa kabisa.

Na hapa, kwenye shirika, mulinisikia kila Alhamisi. Kajiti, sindano, vidonge, vyote nilivitupa kwa moto. Nilisema Kanisa limekataa, na mwenye kupima tumbo lake anamupima Mungu. Mulikuwa munapiga makofi. Eh, musiangalie chini sasa, mulikuwa munapiga makofi.

Fabiola yeye hakupiga makofi. Alienda peke yake kwa Padri Donatien, bila kuniambia. Padri ni kijana, munamujua, anaongea polepole utafikiri anaogopa kuamsha mutu. Kila Jumamosi alikuwa na mafundisho ya ndoa kwa vijana, huko nyuma ya kanisa. Sisi wamama wazee hatukualikwa. Jumamosi moja Fabiola akarudi na kamba ya shanga, akaitundika kwenye musumari, chini ya picha ya Bikira Maria. Mugeni akiingia anaona rozari mahali pa rozari, haulizi kitu. Mimi pia sikuuliza.

Na hata ningeuliza, angenijibu nini? Kwetu mukwe na mama mukwe hawasemezani mambo ya kitanda. Mimi nilimuchemshia Fabiola maji, nilimufulia nguo za uzazi, nilimusafisha kidonda mara tatu. Lakini neno moja la kitanda likitoka katikati yetu, tungekimbiana mpaka leo.

Ilikuwa nzuri, ile kamba. Shanga moja nyekundu. Kiisha chache za kahawia. Kiisha nyeupe kumi na mbili. Kiisha tena za kahawia, nyingi. Na kapete keusi ka mupira kanakopita juu ya shanga, moja kwa moja. Alfajiri nikiamuka, hata hakujapambazuka, zile nyeupe zilikuwa zinang'aa kwenye ukuta. Yezu wangu! Kumi na mbili, zinang'aa zenyewe, bila mushumaa! Mimi nilipiga magoti hapohapo kwenye udongo baridi. Ile nyekundu nikasema ni Damu ya Bwana. Nyeupe ni Mitume. Za kahawia ni sisi wakosefu, na tuko wengi. Kapete nikasema ni ka kukumbusha pahali umefika. Kila kitu kilipata pahali pake, nikashukuru sana.

Kiisha mujomba wa Fabiola akafa, Papa Modeste wa Kamanyola. Fabiola akafunga kitambaa kichwani, akachukua mutoto mudogo mugongoni, na mbele ya kutoka akasimama kwenye mulango.

"Mama," akasema, "nitakuwa huko siku tano. Kila asubuhi munisogezee kale kapete. Shanga moja. Moja tu, mama."

"Hii iko rozari gani?"

Akaangalia viatu vyake. "Ni ya Padri, mama."

Hakudanganya. Ilikuwa ya Padri kweli. Na mimi nikisikia neno Padri, masikio yangu yanafunga. Nikamwambia aende kwa amani, nikabaki na ile kamba na ukungu.

Mulikuwa hapa, munakumbuka ule ukungu wa mwezi wa pili, mwaka jana. Ulipanda kutoka ziwani, ukakaa juu ya Cimpunda siku tano, hauendi, haushuki. Nyumba ya jirani ilikuwa haionekani. Watu walipita kwenye njia, unasikia viatu, humuoni mutu. Kengele ya kanisa ililia mbali, halafu karibu, halafu tena mbali. Mimi nilitembea ndani ya nyumba yangu mwenyewe nikishikashika mbao za ukuta.

Asubuhi ya kwanza nikashika kamba. Kapete kalikuwa kwenye nyeupe ya tatu. Nikasali Salamu Maria, nikakasogeza shanga moja, ya Fabiola, vile alisema. Kiisha nikawaza. Shanga moja? Mimi, Agnès, presidenti, nisali shanga moja, niende kupika? Huo si uvivu? Nikaongeza ingine, yangu. Na ile yangu nilisalia nini? Nitawaambia, hata kama inaniuma. Nilisema: Nyamuzinda, Mungu wetu, tazama ile nyumba imejaa mabinti. Utupe mutoto mwanaume.

Hivyo kila asubuhi. Moja ya Fabiola, moja yangu. Moja ya Fabiola, moja yangu. Siku tano. Nilihesabu vizuri, mimi sikosi hesabu ya maombi.

Siku ya tano, muchana, mvua ikapiga bati. Nilikuwa nachagua maharagi kwenye sahani, usingizi ukanichukua. Nikamuona Grégoire, mume wangu, aliyekufa miaka nane imepita, na ile kofia yake ya mvua. Alikuwa ananitangulia katikati ya weupe, hakuna njia, hakuna kilima, ni mawe meupe tu, na yeye anakanyaga jiwe moja, halafu jiwe moja. Mimi nyuma yake naruka mawe mawili mawili, nafurahi kwamba nitamufikia. Akageuka.

"Agnès, unaruka."

"Niko na haraka."

"Haraka ya nani?"

Nikaamuka, maharagi yote yako chini. Nikasema Grégoire anaomba misa. Kesho yake nikaenda kumuombea misa! Mumeniona? Mufu anahangaika kunionyesha, mimi namuandikisha kwa misa.

Fabiola akarudi jioni ya ile siku ya tano, macho yamevimba, sauti imeisha kabisa. Kulala kwenye mikeka, kulia, kupikia watu mia moja, kulia tena, siku zinachanganyikana. Na Guylain naye akashuka kutoka Kamituga kwa pikipiki, matope mpaka kwenye nyusi, juu ya kumupa bibi yake pole. Fabiola mbele ya kunawa akaenda kusimama kwenye musumari. Kapete kalikuwa kamepita nyeupe zote, kako kwenye kahawia ya kwanza. Akahesabu kwa vidole. Akaanza tena. Akapotea katikati.

"Mama, mulikasogeza?"

"Kila asubuhi. Sikukosa hata siku moja."

Akaniangalia. Mimi presidenti, mimi niliyemusafisha kidonda. Akaacha mukono ushuke. "Aksanti, mama," akasema, akaenda kumuwekea bwana yake maji ya kuoga. Kama ningesema neno moja zaidi! Kama ningesema, na zangu pia niliziweka humo. Lakini mutu anajisifu vipi kwa maombi yake ya siri? Nikanyamaza, nikajiona munyenyekevu.

Miezi miwili ikapita. Asubuhi moja namukuta Fabiola nyuma ya nyumba ameinama, anatapika, ameshika ukuta. Mimi nikapiga vigelegele. Ndiyo, mulivisikia mpaka barabarani. Nikacheza pale kwenye matope na haya magoti.

"Imejibu!" nikamwambia. "Rozari ya Padri imejibu!"

Akainua kichwa polepole. "Mama, mulisali wapi?"

"Kwenye ile. Moja yako, moja yangu. Mbili kila siku."

Alikaa chini palepale, kwenye jiwe la kufulia. Hakulia. Aliingia ndani, akarudi na ile kamba, akaiweka kwenye mapaja yangu, na akasema mambo ambayo mukwe hasemi. Alisema akiangalia chini, na kidole chake kinapita juu ya shanga. "Haiko rozari, mama. Hii nyekundu ni siku damu inaanza. Hizi za kahawia, Guylain anaweza kunikaribia. Hizi nyeupe, hapana. Hizi nyeupe ni siku za kushika mimba, ndiyo sababu zinang'aa, nizione hata gizani."

"Hawa ni Mitume," nikasema. Mimi mujinga, nikasema hivyo!

"Si Mitume, mama." Sasa akaniangalia machoni, mara ya kwanza tangu aingie nyumba yangu. "Guylain amekuja nikiwa kwenye nyeupe. Nitakufa, mama?"

Niliona haya, niliogopa, na chini ya woga kulikuwa na hasira, na hasira ikapata pa kwenda. Nikafunga kitenge, nikashuka mpaka parokia.

Padri Donatien alikuwa anamwagilia maua yake. Nikaitupa ile kamba kwenye meza yake ya nje. "Padri! Kitu kama hiki munakiingiza ndani ya nyumba yangu, kwa nini hamukutuonyesha sisi wamama? Kwa nini hamukuja kwenye shirika?"

Akaweka ndoo chini. Akaniangalia, na nikaona ni kijana kweli, anaweza kuwa mudogo wa Guylain.

"Niliwaogopa, Maman Agnès," akasema.

"Nani?"

"Ninyi. Nilisema nikiileta kule, hata kama Kanisa linaruhusu kuhesabu siku, mutaniita wa shetani mbele ya watu. Na wao wanawasikiliza ninyi kuliko mimi."

Tulikaa kwenye benchi yake, wawili, tunaangalia maji yanaingia kwenye udongo. Nilikuja kumugombeza, nikarudi na kamba yangu mukononi.

Ile miezi, wamama, siwezi kuisimulia vizuri. Niliiishi kama mutu anatembea ndani ya maji. Fabiola hakugusa tena ndoo wala jembe. Niliteka maji mimi, nikapanda nayo kile kilima, na mulinicheka kwamba namudekeza. Kila asubuhi niliweka mukono juu ya tumbo lake, nasikia mutoto anageuka, nasikia kile kidonda cha zamani chini ya kiganja. Rozari yangu ya kweli ilibaki kwenye sanduku. Nilikuwa siwezi kuhesabu. Nikifika shanga ya tano, naona ukungu.

Na Grégoire alirudi. Kila nikisinzia muchana, yale mawe meupe. Safari hii Fabiola alikuwa ng'ambo, na kitambaa kichwani, ananingoja. Mimi nimesimama kwenye jiwe moja, naogopa kukanyaga. Nikiamuka namukuta mulangoni anachambua majani ya sombe, mukubwa, mutulivu, ananiuliza: "Mama, mumelala vizuri?"

Wiki tatu mbele ya siku ya kuzaa tukaenda hospitali, vile muganga aliagiza. Yule yule muganga. Hakunikumbusha kitu, Mungu amubariki. Alisema: kesho asubuhi ninamupasua, natoa mutoto, na palepale namufunga kizazi, kusikuwe tena ingine. Fabiola amekwisha kukubali, sahihi yake hii hapa. Lakini hapa kwetu tunataka na sahihi ya mutu wa jamaa. Bwana yake yuko wapi?

Bwana yake alikuwa Kamituga. Mvua ilikata barabara, na simu ilikuwa inasema tu kwamba haipatikani. Tulijaribu jioni nzima, tulijaribu asubuhi. Muganga akaja amekwisha kunawa mikono, akaniangalia. Karatasi ilikuwa kwenye magoti yangu.

Nikatoka kwenye baraza, nikamupigia Padri Donatien. Ukungu ulikuwa umeingia mpaka kwenye korido, wauguzi walipita ndani yake bila miguu. Nikamwambia yote.

"Maman Agnès," akasema, "mukiniuliza kama Padri, jibu munalijua. Mumelifundisha miaka kumi na mbili."

"Na nikikuuliza kama mutu?"

Nilisikia anapumua. Nilisikia jogoo wa parokia. Halafu simu ikakatika. Mpaka leo sijui kama ni rezo ya simu iliyopotea ao ni yeye.

Nikarudi ndani. Fabiola alikuwa amekwisha kulazwa kwenye kile kitanda cha magurudumu, na kofia ya karatasi kichwani. Akanipa mukono. Ulikuwa baridi.

"Mama, mimi nimekwisha kusema yangu," akasema kwa ile sauti yake ndogo. "Ninyi sasa."

Miaka mitatu iliyopita nilijibu pale pale, yeye akanyamaza. Nikachukua biki. Niliandika jina langu lote, kwa herufi kubwa, vile masista walitufundisha: AGNÈS M'BISIMWA. Kiisha nikakaa kwenye benchi ya korido, mama mugeni akanifunika na kitenge chake.

Pale nilisinzia, ao sikusinzia, sijui. Niliyaona mawe. Nikakanyaga moja. Nikangoja. Nikakanyaga moja. Grégoire alikuwa mbele na kofia yake, hakugeuka, hakusema kitu. Nikakanyaga moja. Halafu mutoto akalia, si ndani ya ndoto, nyuma ya mulango.

Ni binti. Cheka sasa, Martine, hapa unaweza kucheka. Binti wa ine! Anaitwa Francine, na ana masikio ya Grégoire. Muganga alitoka na jasho, akaniambia kwamba alipofungua, ile ngozi ya kizazi ilikuwa nyembamba hata aliona nywele za mutoto kwa nje. Siku mbili tatu zaidi, akasema, akaacha pale. Akaniambia Fabiola ataishi. Nilimukumbatia, na damu yake yote, mutu mwenye diploma.

Mbele ya Pasaka ya mwaka huu nikaenda kuungama. Niliungama kiburi. Niliungama lile jibu nililomupa muganga bila kumuuliza mwenye tumbo. Niliungama shanga zangu tano za mutoto mwanaume. Padri Donatien alisikiliza, kisha akauliza polepole: "Na ile sahihi?"

"Niliiweka."

"Munaijutia?"

Nilitafuta, wamama. Nimetafuta wiki nyingi. Nilitaka ile komunio, munajua vile naipenda, tangu nikiwa na miaka tisa sijaikosa Jumapili hata moja isipokuwa kwa ugonjwa. Nikamwambia: "Padri, nimejaribu. Lakini nikijutia ile sahihi, namujutia Fabiola."

Akainamisha kichwa.

"Basi siwezi kuwaondolea dhambi, Maman Agnès," akasema. Alikuwa analia, yule kijana. Nikamwambia pole, mwanangu, nikasimama na magoti yangu.

Ndiyo dhambi yangu hiyo. Sina ingine. Sina mwanaume, sina mulozi. Wakati munapanga mustari, mimi nabaki, na kama mungekuwa na macho mungeona Fabiola anabaki pia, kando yangu, ananyonyesha. Inaniuma. Kila Jumapili inaniuma hapa, na sitawadanganya kwamba nimezoea. Halafu Francine anashika kidole changu, na ile mistari yenu inapita.

Kiti cha presidenti mumutafutie mwingine. Lakini mbele ya kutoka, kamba hii hapa. Muipitishe mikono kwa mikono, muiguse. Wewe Martine, watoto saba, na ule uso wako wa jana, wa mutu anaogopa mimba ingine, uishike vizuri. Sitaki mutu mwingine hapa Cimpunda asalie Mitume kwenye tumbo la mutoto wa mwenzake.

Fabiola, mwanangu, njoo kutoka kule nyuma, nipe katoto, simama hapa. Uwaambie wewe mwenyewe, kwa sauti. Sema yote, hata ya kitanda, mimi sitoki. Anza na ile nyekundu.